Jumatatu za Filamu Katika Kibanda cha Mwananyamala

Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikihudhuria maonesho ya filamu katika kibanda kimoja cha Mwananyamala, kisicho na bango wala jina, ambacho wakazi wa mtaa ule hukitambua kwa mabati yake ya bluu na kwa kelele za mpira zinazotoka humo kila mwisho wa wiki. Ni kibanda umiza kama vilivyo vingine vingi vya Dar es Salaam: mabenchi ya mbao, televisheni mbili zilizofungwa juu ukutani, feni moja, na turubai mlangoni ili asiyelipa asichungulie. Kinachokitofautisha na vingine ni Jumatatu, siku ambayo mara nyingi haina mechi ya kuvuta watu. Jioni hiyo mwenye kibanda huzima televisheni, hutundika shuka jeupe, huwasha projekta na kuonesha filamu ambazo wengi wetu hatujawahi kuzisikia, zinazohusu watu walio katika shughuli zao za kila siku: wanafanya kazi, wanaugua, wanauguzana, wanasubiri wateja. Kiingilio ni shilingi 1,000, na mwanafunzi aliyefuatana na mkubwa wake huingia bure.

Iliyonisukuma kuandika ni Arusi ya Mariamu, filamu ya dakika 36 iliyotoka mwaka 1985, ikiongozwa na Nangayoma Ng'oge pamoja na Ron Mulvihill. Mariamu ni mke wa mtu, bado kijana, anayesumbuliwa na maradhi ambayo hospitali imeshindwa kuyatibu. Mumewe anataka kumpeleka kwa mganga wa jadi, naye ana hofu ya waganga aliyoibeba tangu utotoni. Katika filamu nyingi tunazouziwa hapa mjini, mganga akishatajwa tu, unajua kitakachofuata ni moshi, macho mekundu na kicheko cha kutisha. Hapa mganga anatazamwa kama mtu mwenye taaluma yake, na mgonjwa anatazamwa kama mtu mwenye sababu za hofu yake, wala hakuna anayefanywa kichekesho ili mtazamaji wa mjini ajione bora.

Filamu ilipokwisha, bibi mmoja wa benchi la mbele, ambaye kwa miezi yote hiyo sikuwa nimemsikia akitamka zaidi ya shikamoo na marahaba, alimwomba kijana wa projekta arudishe nyuma mazungumzo ya mume na mke. Kijana akamwambia, "Sawa, bibi," akarudisha. Tuliyasikiliza tena kwa ukimya, kisha bibi akatueleza kwamba hivyo ndivyo watu wa rika lake walivyokuwa wakisemezana ndani ya nyumba miaka ile, kwa kituo kile na kwa maneno yale, na kwamba hakutarajia kuyasikia tena maongezi ya namna hiyo maishani mwake. Mimi niliyekuwa nimeshughulika na hadithi sikuwa nimeyasikia hata kidogo. Tangu jioni ile nimeanza kuzithamini filamu hizi kwa jambo ambalo pengine waliozitengeneza hawakulikusudia, yaani namna zinavyohifadhi mwendo wa mazungumzo na mkao wa watu. Arusi ya Mariamu ni ya enzi za Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1968, wakati Avalon na Empress zingali sinema za kweli katikati ya jiji. Inanisikitisha sana kwamba mtu wa Dar es Salaam leo anahitaji bahati ya kumjua mwenye kibanda fulani ili aione.

Filamu fupi ya Amil Shivji iitwayo Shoeshine, ya mwaka 2013, ilipata bahati ya watazamaji wanaoijua kazi yenyewe. Inamhusu kijana anayeng'arisha viatu kwenye kona ya mtaa hapa Dar es Salaam, ambaye wateja wake, wa ngazi mbalimbali za maisha, wanazungumza mbele yake mambo ambayo wasingeyasema mbele ya mtu wanayemhesabu. Miongoni mwetu alikuwapo fundi viatu wa karibu na kituo cha daladala, amekuja na boksi lake kwa kuwa hakuwa na mahali pa kuliacha. Alisema kwamba mteja akishauweka mguu juu ya boksi hamwoni tena aliyeinama chini, na kwamba yeye amewahi kusikia bei za viwanja, siri za ndoa na mipango ya kumfukuza mtu kazi, yote hayo kabla ya kiatu cha pili. Niliitazama mikono yake wakati akisema: kiwi imeingia kwenye mistari ya vidole na haitoki tena. Maelezo yake yalikuwa nusu ya filamu, na asiyekuwapo ameikosa nusu hiyo.

Filamu ya makala ya Andy Jones ya mwaka 2006 kuhusu Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, inafaa kutazamwa, hasa na anayemjua marehemu kwa jukwaani tu. Bi Kidude aliuza wanja na hina, akawafunda wari katika unyago, na mwimbaji huyo hawezi kueleweka bila mwanamke huyo wa nyumbani.

Ninalo lalamiko moja, nalo si dogo. Kijana anayetafsiri filamu za lugha za kigeni amerithi ufundi wa kusimulia juu ya picha, ule wa kanda zilizotafsiriwa na Lufufu, na kwa filamu za mapigano ufundi huo unafaa kabisa. Jumatatu moja ilioneshwa filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 kuhusu sangara wa Mwanza, ambayo Watanzania waliijua kwa jina la filamu ya mapanki, yaani mabaki ya samaki baada ya minofu kuondolewa. Iligombaniwa sana nchini mwaka 2006, na nina hakika wengi wa waliogombana hawakuwa wameiona. Mwanzoni kabisa yupo mwongoza ndege ndani ya mnara wa uwanja wa Mwanza, anahangaika na mdudu kwenye kioo huku ndege ikikaribia. Uzito wote wa kipande kile umo katika ukimya, mlio wa mdudu na mtu aliye peke yake kazini. Mtafsiri wetu alikijaza kwa maelezo kuhusu ndege na silaha, mambo ambayo filamu yenyewe inayafikia polepole, kwa makusudi. Nilimfuata baadaye nikamweleza. Alinisikiliza kwa adabu, akajibu, "Kaka, nikinyamaza watu watadhani spika imekufa." Ninaielewa hofu yake, lakini filamu za namna hii zinataka mtafsiri anayethubutu kunyamaza, na mwenye kibanda hana budi kumruhusu.

Maonesho huanza saa moja na nusu usiku, ingawa mara mbili yalichelewa kwa sababu ya kukatika kwa umeme na jenereta kukosa mafuta. Sauti husikika vizuri zaidi kwenye mabenchi ya kati, na anayetaka upepo wa feni afike kabla ya saa moja. Jumatatu ijayo Arusi ya Mariamu itarudiwa, kwa ombi la yule bibi, ambaye amesema atakuja na dada zake wawili.