Mzinga wa kioo wa seremala wa Dodoma: haufai kuvunia asali, unafaa sana kusomea ngoma ya nyuki

Mzinga ninaouzungumzia ni sanduku jembamba la mbao lenye fremu mbili, moja juu ya nyingine, na kioo pande zote mbili. Hutengenezwa kwa oda na seremala mmoja wa hapa Dodoma. Wangu nimeuweka barazani, Mkonze, na nyuki hutoka na kuingia kwa bomba fupi lililopenyezwa ukutani. Kila anayeuona huuliza kwanza unatoa asali kiasi gani. Hautoi asali ya kuuza, na bei yake ni kubwa kuliko ya mzinga wa kawaida wa fremu kumi, kwa hiyo anayetafuta mavuno asiununue. Ubora wake upimwe kwa jambo moja tu: je, unamwezesha mfugaji kuona jinsi nyuki wanavyoelekezana chakula kilipo? Kwa jambo hilo, nauona kuwa kifaa chenye thamani kubwa kuliko chochote nilichowahi kununua kwa ajili ya ufugaji.

Sehemu ya kutazama ni fremu ya chini, karibu na mlango. Nyuki aliyerudi kutoka kwenye maua mengi hutembea juu ya sega kwa mstari ulionyooka huku akitikisa tumbo na kutoa mtetemo wa mabawa, kisha huzunguka kulia na kurudi alipoanzia, hutikisa tena, huzunguka kushoto, na kuendelea hivyo. Wenzake humfuata wakimgusa kwa vipapasio, kwa kuwa ndani ya mzinga halisi ni giza na hakuna anayemwona. Harufu ya maua aliyotoka nayo, na mbochi anaowaonjesha, huwajulisha ni ua la aina gani wanalopaswa kulitafuta. Muda wa kutikisa tumbo hueleza umbali: kwa makadirio yanayotumika, sekunde moja ni takribani kilomita moja, ingawa kiwango hicho hutofautiana kwa jamii ya nyuki na hata kwa mandhari, maana nyuki hupima safari yake kwa jinsi vitu vya chini vinavyopita machoni pake anaporuka. Chakula kikiwa karibu sana, mstari huo hufupika hadi ngoma ikaonekana kama mzunguko mtupu.

Mwelekeo ndio unaonistaajabisha hadi leo. Sega limesimama wima, kwa hiyo nyuki huufanya upande wa juu wa sega uwakilishe upande wa jua. Akicheza kuelekea juu moja kwa moja, anasema chakula kiko upande wa jua. Akiinama nyuzi 40 kulia kwa wima, chakula kiko nyuzi 40 kulia kwa jua. Karl von Frisch ndiye aliyeifumbua lugha hii, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na Konrad Lorenz na Nikolaas Tinbergen. Waliokuwa na shaka kama wafuasi kweli huyatii maelekezo hayo walijibiwa mwaka 2005, pale watafiti nchini Uingereza walipowafuatilia kwa rada nyuki waliohudhuria ngoma na kuwaona wakiruka kuelekea upande uliotajwa.

Sisi wa Dodoma tumejaliwa mwanya ambao wafugaji wa nchi za baridi hawana. Mji wetu uko karibu na nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Machi jua hupita utosini. Siku hizo jua huwa mashariki karibu asubuhi nzima, kisha huhamia magharibi ghafla baada ya adhuhuri. Shamba la alizeti lililo kusini mwa mzinga wangu lilichezwa asubuhi kwa mstari ulioelekea kulia, na alasiri kwa mstari ulioelekea kushoto, ilhali shamba ni lile lile. Jua linapokuwa utosini kabisa, ngoma hupoteza mwelekeo wake, kwa hiyo usipoteze nguvu kuzipima kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana. Hali hiyo hujirudia mwanzoni mwa Oktoba, wakati wa ukame, ambapo nyuki hucheza pia kuonyesha maji. Mfugaji akizisoma ngoma hizo atajua kundi lake linategemea kisima gani.

Kazi ya mbao imefanywa vizuri. Pengo kati ya uso wa sega na kioo liko ndani ya milimita 6 hadi 9, hivyo nyuki hawajengi masega ya ziada juu ya kioo wala hawakizibi kwa gundi. Kasoro ya kwanza ni pazia jeupe, jepesi, linalopitisha mwanga, na mwanga mkali ukimfikia mchezaji huweza kuupotosha mstari wake. Nimeweka mbao nyembamba za kufunika badala yake, na ninapotazama nafunika kioo kwa plastiki nyekundu, kwa sababu nyuki hawaioni rangi hiyo. Kasoro ya pili ni miguu isiyorekebishika. Nyuki hupima kwa nguvu ya mvutano wa dunia na hapotezwi na sanduku lililoinama. Anayepotezwa ni msomaji anayepima pembe kwa ukingo wa fremu. Kosa la nyuzi 10 kwa chakula kilicho kilomita 2 humpeleka karibu mita 350 pembeni. Timazi iliyoning'inizwa mbele ya kioo inatosha kuliondoa tatizo hilo, na ni vyema fundi aiuze pamoja na mzinga.

Atakayeununua auweke kivulini, kwani joto la Oktoba na Novemba likikutana na kioo litawafanya nyuki wetu, ambao ni wepesi kuhama, waondoke wote. Vilevile achukue nyuki kutoka manzuki iliyo zaidi ya kilomita 3, ili wakongwe wasirudi walikotoka. Wakongwe ndio wachezaji, na utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba vijana wasiopata kuwafuata hutaja umbali vibaya maisha yao yote.