Uzoefu wangu: Walimwacha mama Eyam wakaenda kula pudini

Mama yangu ana miaka 74, ana presha, na goti lake la kulia halikunjiki vizuri. Haya yote niliyasema siku niliyolipia ziara, nikayaandika tena kwenye fomu yao, nikayarudia asubuhi tuliposimama karibu na daraja la mawe la Bakewell tukingoja basi dogo lao. Nayaweka mwanzo kabisa ili asije mtu akaniambia hawakujua.

Kampuni siitaji jina. Ni ndogo, inazungusha wageni siku nzima kwenye vijiji na majumba ya kale yaliyo pembezoni mwa Bakewell, mji wa soko katika jimbo la Derbyshire. Nimewapa nyota mbili. Nitaeleza kwa nini si moja.

Mama alikuja kunitembelea Sheffield kutoka Tanga, na ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege. Nilitaka aone Uingereza nyingine, si kituo cha treni na maduka ya mtaani kwetu tu. Bakewell nilipachagua kwa sababu si mbali na kwangu na kila kitu kiko karibu karibu. Mji wenyewe sina neno baya juu yake. Tulifika Jumatatu, siku ya soko, vibanda vimejaa na wakulima wameleta ng'ombe na kondoo mnadani. Mama alipita kibanda kwa kibanda akiuliza bei ya kila kitu, hata vile ambavyo hakuwa na nia navyo, kama afanyavyo Ngamiani, kwetu Tanga. Wale wachuuzi walimjibu kwa adabu, mmoja akamwonjesha jibini vipande vitatu. Kumbukeni hilo, maana siku hiyo wenye adabu walikuwa wengi. Asiye na adabu alikuwa mmoja, na ndiye niliyemlipa.

Lakini haki ya mtu nayo ni haki. Asubuhi yule mwongoza watalii alifanya kazi yake vizuri, tena vizuri sana. Alitupeleka Haddon Hall, jumba la mawe lililoanza kujengwa zama za kati juu ya mto Wye, akatueleza jambo ambalo sikulijua: wenyewe walihama mwanzoni mwa miaka ya 1700, wakaliacha karibu miaka 200 bila mtu kuishi ndani. Wenye majumba kama hayo nchi nzima walibomoa na kujenga upya kwa mitindo mipya. Haddon halikuguswa kwa sababu lilisahauliwa, mpaka miaka ya 1920 mrithi mmoja wa ukoo huo alipojitolea kulifufua. Ndiyo maana jikoni bado utaona meza za kukatia zilizolika kwa visu na mikono ya watu waliokufa zamani mno. Mama alisimama hapo, akapitisha kidole juu ya shimo la meza bila kugusa, akasema, "Hapa kuna mkono wa mtu." Niliitafsiri ile kauli. Mwongoza watalii akasema ni maneno mazuri kuliko yake. Alimshika mama mkono kwenye ngazi za bustani ya waridi. Nilishukuru moyoni.

Kutoka hapo tukapita Edensor, ambako wenyeji hutamka kama "Enza", kijiji ambacho bwana mkubwa wa jumba la Chatsworth alikihamisha katika karne ya 19 ili kisimharibie mandhari ya dirishani. Nyumba zake hazifanani hata mbili. Kwenye uwanja wa kanisa kuna kaburi la Kathleen Kennedy, dada yake rais wa Marekani John F. Kennedy, aliyekuja kulizuru mwaka 1963, miezi michache kabla hajauawa. Tulikaa dakika 15. Chatsworth tuliiona kwa mbali, ng'ambo ya malisho.

Tukiwa ndani ya basi nilimuuliza, mbele ya abiria wote, kama makaburi ya Riley, kule kijiji cha Eyam, bado yamo kwenye ratiba. Kipeperushi chao kinayataja kwa jina. Akasema yamo, mama asiwe na wasiwasi.

Sasa lazima niwaeleze Eyam, maana bila Eyam hamtaelewa kwa nini mpaka leo mikono yangu inatetemeka nikiandika. Hutamkwa "Iim". Mwaka 1665 tauni ilikuwa inaimaliza London. Fundi cherehani wa kijijini aliletewa mtumba wa vitambaa kutoka huko, umelowa, msaidizi wake akauanika mbele ya moto. Ndani mlikuwa na viroboto. Siku chache baadaye msaidizi amekufa, kisha majirani. Kiangazi kilichofuata kasisi kijana William Mompesson, pamoja na Thomas Stanley, kasisi wa zamani aliyekuwa ameondolewa kwenye kiti hicho, waliwakubalisha wanakijiji jambo zito: mtu asitoke, ili ugonjwa usivuke kwenda vijiji vya jirani. Wakajifungia. Vyakula viliachwa mpakani, vingine vikitoka kwa bwana wa Chatsworth wa enzi hizo, na wao waliacha pesa kwenye matundu ya jiwe la mpakani yaliyojazwa siki. Idadi ya waliokufa inayotajwa siku zote ni 260. Mke wa Mompesson, Catherine, ni mmoja wao, na kaburi lake liko pale pale uani kwa kanisa.

Mimi niliwaza Changuu, kile kisiwa cha karantini kule Unguja, lakini kule ni serikali iliyowaweka watu. Hawa walijiweka.

Mama hadithi ya kasisi haikumkaa sana. Kilichomkaa ni Elizabeth Hancock. Huyu alikuwa mke wa mkulima kwenye shamba la Riley, nje kidogo ya kijiji. Agosti 1666, ndani ya siku nane, alimzika mume wake na watoto wao sita. Aliwazika mwenyewe, kwa mikono yake, akawaburuta mpaka shambani, kwa sababu hakuna aliyethubutu kusogea. Nilikuwa nimemsimulia mama usiku uliotangulia, kwenye nyumba ya wageni. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akaniuliza swali moja tu: "Yeye aliachiwa azike?"

Watoto wawili wa kwanza wa mama waliondoka na surua katika wiki moja, kabla mimi sijazaliwa. Kwetu pwani wanaume ndio huchukua jeneza. Mama alibaki ndani na wanawake wenzake, akasikia sauti za wanaume zikipungua barabarani. Hajawahi kuniambia habari hii zaidi ya mara mbili maishani. Mara ya tatu ilikuwa usiku ule Bakewell. Alitaka kuyaona makaburi ya Riley. Kwa mama, ziara nzima ilikuwa hiyo.

Tuliposhuka Eyam, mwongoza watalii alisimama mbele ya zile nyumba za tauni zenye vibao vya majina ya waliokufa, akasimulia kwa haraka, kisha akasema: dakika 35, halafu tunarudi Bakewell kwa ajili ya pudini. Nikamuuliza, na Riley? Akasema leo hatuendi, ni mbali kwa miguu, basi halifiki. Nikamkumbusha alichosema saa moja tu nyuma. Akatazama saa yake. Akasema tukitaka twende wenyewe, lakini atakuwa na ratiba ya kulinda.

Ndiyo, alisema. Sikatai. Anayetaka kumtetea na aanzie hapo.

Ni kama kilomita moja, njia inapanda. Mama alitembea kwa goti lile akishikilia bega langu, hakusimama hata mara moja. Makaburi yako shambani, ndani ya ukuta mdogo wa mawe uliozunguka duara, nyasi pande zote, bonde linaonekana chini. Hakukuwa na mtu. Mama aliingia, akahesabu mawe kwa kidole. Akakaa chini kwenye nyasi, jambo ambalo kwa goti lake halifanyi hata nyumbani, akainua mikono. Sikutafsiri chochote. Hakukuwa na wa kumtafsiria. Alipomaliza alitaja majina mawili ambayo si ya Hancock.

Mngenitaka nimwambie mama saa imefika? Nilimwambia. Nilimwambia, na ile ndiyo aibu ninayoibeba kutoka siku ile: nilimharakisha mama yangu pale kwa sababu ya basi.

Tulichelewa dakika 12. Basi halikuwepo. Mkoba wa mama ulikuwa umebaki kitini, na dawa zake za presha zimo ndani. Mwongoza watalii aliuona ule mkoba. Basi la watu 13 si treni, utauona mkoba wa kitambaa chekundu kwenye kiti kitupu.

Nikapiga simu ofisini, wakaniwekea muziki. Nikapiga tena, wakaniunganisha naye barabarani. Nilitegemea aseme anageuza. Alisema ana wateja wengine 11 ambao nao wamelipa. Nikasema mama ni mgonjwa na dawa zake anazo yeye. Akanijibu kwa sauti ya utulivu kabisa kwamba mtu anayetembea polepole namna ile ningemtafutia matembezi ya aina nyingine. Akakata.

Mama akaniuliza amesemaje. Nikasema amesema barabara ina foleni.

Kutoka Eyam hadi Bakewell ni zaidi ya kilomita 10. Tulikaa kwenye ukuta wa kanisa. Mwanamke mmoja mtu mzima, aliyekuwa akitoka kupanga maua kanisani, alituona, akauliza kama tuko salama. Nilipomweleza hakusema neno juu ya kampuni, alikwenda tu kuleta gari. Njia nzima alimwonyesha mama vitu kwa kidole, hili ni shamba la fulani, pale mto hufurika, na mama alimjibu kwa Kiswahili, na walielewana, sijui vipi. Pesa ya mafuta alikataa. Mama akavua kanga yake ya juu, iliyoandikwa "Wema hauozi", akamfunika nayo mabegani. Nikamtafsiria. Aliondoka akiendesha gari nayo mabegani.

Kundi letu lilikuwa bado mezani. Pudini ya Bakewell, kwa mnaotaka kujua, ni kitu chembamba cha unga wenye matabaka, jamu chini, juu mayai na lozi. Maduka zaidi ya moja mjini hapo yanadai ndiyo yenye mapishi ya asili. Ni tamu, naambiwa. Mkoba wa mama ulikuwa sakafuni karibu na mlango. Mwongoza watalii alitikisa kichwa kama mtu anayemsalimu jirani, akasema, "Mmefika." Na mama, ambaye hakujua lolote kati ya yale aliyoyasema, akaudaka mkoba wake, akaufungua, akaziona dawa, akamshika mkono kwa mikono yake miwili: "Ahsante, mwanangu, Mungu akuweke kwa kunitunzia."

Nilikuwa natafsiri siku nzima. Hiyo sikuitafsiri.

Kwa hiyo ile nyota ya pili. Nilipoanza kuandika nilisema ni ya Haddon, kwa sababu asubuhi ile alimshika mama mkono kwenye ngazi, na nilitaka kuwa mwenye haki. Nimeandika mpaka hapa na naona kwamba Haddon haikuwa yake. Haddon ilikuwepo kabla yake, ingetufungulia mlango hata tungekwenda kwa basi la kawaida. Nyota ya pili naifuta. Na ya kwanza nimeiacha kwa sababu mfumo haukubali sifuri.

Niliwaandikia baadaye. Walijibu kwa upole kwamba wanasikitika kwa usumbufu, masharti yao yanasema wasiorudi kwa wakati hawasubiriwi, lakini kwa wema watanirudishia bei ya pudini mbili ambazo hatukuzila. Sikuwapa namba ya akaunti.

Nendeni Eyam. Nawasihi nendeni, ila kwa mabasi ya abiria au kwa gari lenu, mkawe na siku nzima. Kanisani kuna dirisha la vioo vya rangi linalosimulia tauni yote, sisi tuliliona kwa dakika mbili tu. Lile jiwe la mpakani, upande wa Stoney Middleton, hatukufika kabisa. Barabara ya kwenda Riley inaanzia mashariki mwa kijiji, na kama unaye mzee, mpe muda anaoutaka.

Mama amesharudi Tanga. Wiki iliyopita alinipigia simu usiku, si kawaida yake, nikashtuka. Alitaka kujua yule Elizabeth aliishia wapi. Nikamwambia alibakiwa na mtoto mmoja wa kiume huku Sheffield, naye akamfuata. "Sheffield kwako hapo?" Nikasema ndiyo, mama, hapa hapa. Akasema basi vizuri.