Tahadhari kwa waandishi na watafiti wa Mombasa: "ufadhili" unaodai ada kabla ya kutoa fedha

Ndugu zangu waandishi, walimu wa lugha na watafiti wa historia mlioko Mombasa na Pwani kwa jumla, ninaandika kuwatahadharisha dhidi ya watu wanaojiita waratibu wa ufadhili wa kimataifa kwa wataalamu wa fasihi, lugha na historia. Mimi mwenyewe nimewalipa shilingi 18,500 kwa awamu tatu, na ninawafahamu wengine wawili hapa mjini ambao pia wamelipa. Silitaji jina la shirika wanalolitumia, kwa sababu limeundwa kwa kugeuza neno moja tu katika jina la mpango halali, na kulitangaza hapa kungewachafua watu wasiohusika. Zaidi ya hayo, wamekwisha kulibadilisha mara moja tangu waliponilaghai. Utaratibu wao, kwa upande mwingine, haujabadilika, na huo ndio ninaotaka muufahamu.

Tangazo lilinifikia kupitia kundi la WhatsApp la washairi, likiwa limesambazwa na mtu ninayemheshimu ambaye naye alikuwa amelipokea kwa nia njema. Liliandikwa kwa Kiswahili sanifu kisicho na kosa hata moja. Tumezoea matapeli wanaoandika kwa haraka, wa "umeshinda zawadi, tuma namba yako ya siri", na huenda ndiyo sababu wengi wetu tunadhani kwamba anayetumia lugha vizuri ni mtu wa kuaminika. Tangazo lilisema kwamba watafiti kumi wa fasihi simulizi na andishi za Pwani ya Afrika Mashariki wangepewa dola 12,000 kila mmoja, pamoja na makazi ya miezi sita katika chuo kikuu kimoja cha Ulaya, ili wakamilishe kazi zao. Kwa mwalimu wa sekondari ambaye hufanya utafiti wake Jumamosi na siku za likizo, huku nauli na karatasi vikitoka mfukoni mwake, hilo si tangazo la kupitwa.

Niliwapelekea maelezo ya mradi wangu, ambao ni kukusanya mashairi ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, yanayohifadhiwa na wazee wa Mji wa Kale katika madaftari na katika kumbukumbu zao. Siku mbili baadaye nilipigiwa simu na mwanamume mwenye sauti ya upole, aliyeniita "Mwalimu" tangu neno la kwanza, akaniuliza maswali ambayo sikuyatarajia kutoka kwa tapeli. Aliniuliza ninavyotofautisha Kimvita na Kiamu, lahaja ya Lamu, katika mashairi yasiyo na jina la mtunzi. Alinikumbusha kwamba mashairi mengi ya Muyaka bin Haji, mshairi wa kale wa Mombasa, tunayoyasoma leo yaliokolewa na mmishenari William Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, na kwamba karatasi hizo sasa zimo katika maktaba ya chuo cha SOAS, London, ambako, alisema, ningepelekwa kwa wiki mbili kuzisoma. Yote aliyoyasema kuhusu Muyaka yalikuwa kweli. Nilipotulia baadaye ndipo nilipotambua kwamba ni mambo ambayo yeyote mwenye simu anaweza kuyasoma kwa nusu saa, na kwamba swali lake la Kimvita na Kiamu lilikuwa limenyofolewa katika ukurasa wa pili wa maelezo yangu mwenyewe. Alinirudishia maneno yangu, nami nikayapokea kama elimu yake.

Siku ya nne tangu nitume maombi ilifika barua ya kunipongeza, yenye nembo, mhuri na sahihi. Pamoja nayo kulikuwa na ombi la shilingi 2,500 za "usajili wa mshindi", zitumwe kwa M-Pesa kwa namba ya mtu aliyetajwa kuwa mhasibu wa shirika nchini Kenya. Nilizituma. Baada ya wiki moja nikaambiwa nilipe 6,000 za kibali cha utafiti, kwa kuwa mradi wangu ungehusisha mahojiano hapa Mombasa. Hizo pia nilizituma, ingawa kwa shingo upande. Awamu ya tatu ilikuwa 10,000 za bima ya safari, na hapo nilisita nikauliza kwa nini gharama hiyo isikatwe katika hizo dola 12,000. Jibu lilikuja kwa maandishi: "Mwalimu, mtaka cha mvunguni sharti ainame." Naona haya kukiri kwamba methali ile ilinishinda nguvu kuliko hoja yoyote, na kwamba nililipa usiku uleule.

Nilizinduka walipodai 32,000 za "kodi ya kuruhusu fedha ziingie nchini". Sikuwa nazo, na huenda ningekuwa nazo ningelipa. Rafiki yangu mmoja anayeelewa mambo ya tovuti alichunguza tarehe ya kusajiliwa kwa anwani yao ya intaneti, jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya bila malipo, akakuta imesajiliwa wiki saba kabla ya tangazo, ilhali ukurasa wao ulijigamba kwamba shirika linafadhili wasomi tangu 1998. Picha ya "mnufaika wa mwaka jana" ilipotafutwa Google ilionekana katika tangazo la miwani. Nami nikawapigia simu walimu wangu wawili niliowataja katika fomu kuwa wadhamini wa kitaaluma. Hakuna aliyekuwa ameandikiwa hata mstari mmoja.

Hili la wadhamini ningependa mlizingatie kuliko mengine yote, kwa sababu halihitaji ujuzi wowote wa kompyuta. Mfadhili wa kweli akitaka barua za kukushuhudia, mara nyingi huziomba moja kwa moja kwa wadhamini wako, na wewe huzioni. Huunda jopo la wasomaji, na jopo huchukua miezi kupitia maombi. Anayekupa ushindi kwa siku nne, bila kumuuliza yeyote kama kazi unayodai kuifanya unaifanya kweli, hakuisoma kazi yako.

Kuhusu ada, napenda kuwa mwangalifu nisije nikawafukuza watu mbali na nafasi halali. Yapo majarida na mashindano ya fasihi, hasa Marekani, yanayotoza ada ndogo ya kusoma mswada, na baadhi yake huwasamehe waandishi wa Afrika wakiomba. Vyuo vikuu vingi pia hutoza ada ya maombi ya shahada. Hizo ni ada za mlangoni: zimetangazwa wazi kwa kila mtu, hulipwa kabla ya uamuzi wowote, na hulipwa kwa taasisi yenyewe. Ninazozungumzia mimi ni ada zinazozaliwa baada ya kuambiwa umeshinda, moja ikizaa nyingine, na zote zikielekea kwenye namba ya mtu binafsi. Ukiwa katika hatua ya kutuma, M-Pesa hukuonyesha jina la mpokeaji. Jina nililoonyeshwa mimi halikuwa la shirika wala la huyo mhasibu, na nilipouliza niliambiwa kwamba ni la msaidizi wake.

Lile la kibali linahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa hapo ndipo uongo ulipovaa nguo ya ukweli. Ni kweli kwamba anayefanya utafiti nchini Kenya anahitaji leseni ya NACOSTI, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, na ni kweli kwamba leseni hiyo ina malipo. Lakini mtafiti huiomba mwenyewe mtandaoni kwa jina lake, na malipo ya serikali siku hizi hupitia eCitizen kwa namba ya paybill 222222. Hakuna mratibu wa Ulaya anayekuombea. Kila mara jamaa hawa huchagua kitu ambacho kipo kweli, kama vile leseni, bima, viza au kodi, kisha wanajiweka katikati yako na ofisi inayohusika.

Kijana mmoja mshairi wa Likoni, ambaye ameniruhusu nieleze habari zake bila jina, alikopa 8,500 kutoka chama cha mama yake ili alipe bima hiyohiyo. Yeye aliambiwa amechaguliwa katika mpango wa wasomi wa insia (yaani lugha, fasihi, historia na kadhalika) barani Afrika unaofanana sana kwa jina na ule wa African Humanities Program wa ACLS, baraza la vyama vya wasomi la Marekani, ulioanza 2008 kwa fedha za Carnegie Corporation ya New York. Laiti angesoma masharti ya mpango wenyewe, angeona kwamba ulihudumia nchi tano tu, yaani Ghana, Nigeria, Afrika Kusini, Tanzania na Uganda. Mkenya hakuwa na nafasi ndani yake. Kwa hiyo ukipata barua ya pongezi, iache kwanza ufungue tovuti ya mpango kwa kuandika anwani yake mwenyewe, si kwa kubofya kiungo ulichotumiwa, na usome nani anastahili kuomba.

Nafasi za kweli zipo, na zimewafikia watu wa kwetu. Idza Luhumyo, mzaliwa wa Mombasa, alishinda Tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za waandishi wa Afrika, mwaka 2022. Wanaoandika kwa Kiswahili wana tuzo iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo sasa inaitwa tuzo ya Safal, na ilipoanza jumla ya zawadi zake kwa mwaka ilikuwa dola 15,000. Ufadhili wa masomo wa Fulbright wa Marekani, ulioanza 1946, na Chevening ya Uingereza, iliyoanza 1983, haitozi ada ya maombi. Wenye miswada ya kale majumbani wanaweza kuangalia mpango wa Endangered Archives wa British Library, ulioanza 2004, unaogharimia kupiga picha nyaraka zilizo hatarini kupotea, nazo nakala za asili hubaki nchini zilikotoka. Katika yote hayo, utaona kwamba ushindani ni mkali, fomu ni ndefu na majibu huchelewa. Uchovu ule wa kuomba mara tano na kukataliwa mara tano ndio uliotufanya tuwe wepesi wa kuamini barua ya siku nne.

Fedha zangu nimezihesabu kuwa zimekwenda. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba niliwatumia pia nakala ya kitambulisho pande zote mbili, cheti cha PIN ya KRA, na mswada mzima wenye mashairi 41 ambayo hayajachapishwa popote. Mfadhili wa kweli katika hatua ya kwanza huomba sampuli ya kurasa kadhaa, lakini hawa walitaka kila kitu "kwa ajili ya jopo". Mashairi yale hayakuwa yangu peke yangu. Niliyapewa na wazee wa Kibokoni na Kuze ambao walinifungulia masanduku yao kwa sababu walimjua marehemu babu yangu, na imenibidi nirudi mlango kwa mlango kuwaeleza nilichofanya. Mzee mmoja alinisikiliza hadi mwisho, akaniagizia kahawa, akasema atafikiri kama ataniruhusu tena kulishika daftari lake. Sijapata jibu lake. Hakimiliki ya kazi haihitaji kusajiliwa ili iwepo, lakini nimeanza kuiandikisha mikusanyo yangu katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ili niwe na tarehe ya kuonyesha iwapo mashairi hayo yatatokea mahali kwa jina la mtu mwingine. Nawashauri na nyinyi mfanye hivyo kabla ya kutuma mswada wowote kwa msiyemjua.

Ikiwa umekwisha kulipa, usiongeze hata shilingi moja kwa matumaini ya kuokoa zilizotangulia. Ikiwa umetuma sasa hivi, tuma ujumbe wa muamala huo kwa 456 kuomba urejeshewe, kwani fedha zikishatolewa kwa wakala haziwezi kurudishwa. Mimi nilichelewa kwa siku tisa. Namba ya mlaghai itume kwa 333, bila malipo. Bonyeza *106# uone kama kuna laini iliyosajiliwa bila habari yako kwa kitambulisho chako. Mimi hadi sasa sijakuta ya ziada, nami huangalia kila Ijumaa. Usifute mazungumzo yenu hata kama yanakuaibisha, kwa sababu afisa aliyeandika taarifa yangu katika kituo cha polisi cha Central aliniuliza kwanza jumbe, kisha barua, na ndipo akanipa namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio.

Aliniambia pia kwamba lalamiko la mtu mmoja la shilingi 18,500 ni rahisi kuwekwa kando, lakini malalamiko kumi yenye namba moja ya mpokeaji yana uzito mwingine. Kwa hiyo yeyote aliyelipa kwa jina la "msaidizi wa mhasibu", awe wa Kisauni, Changamwe, Kilifi au Lamu, naomba apige ripoti katika kituo kilicho karibu naye kisha aniandikie faraghani, nimpe namba yangu ya OB ili taarifa zetu ziunganishwe. Kufikia leo tuko watatu. Yule kijana wa Likoni alijaribu kuipiga ile namba jana baada ya magharibi, na bado inapatikana. Sauti ile ya upole ilimuuliza kama yuko tayari kumalizia kodi.