Seti ya seli ya fueli ya mezani: kazi safi, majina pungufu

Seti za kufundishia seli ya fueli huuzwa kwa majina mengi, lakini ukizifungua unakuta vitu vilevile: seli moja bapa inayoenea kiganjani, mitungi miwili ya plastiki angavu yenye mistari ya mililita, mipira miembamba, bomba la sindano, kasha la betri mbili za AA, na mota ndogo yenye pangaboi. Seli hiyo hufanya kazi kwenda na kurudi. Ukiipa umeme, inapasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Ukiirudishia gesi hizo, inatoa umeme na maji. Swali letu ni kama seti ya namna hii inafaa siku ya kuwaenzi wanasayansi na wahandisi wa fani hii, iwe darasani au kwenye klabu ya sayansi. Inafaa, tena sana, ila mwenye kuiongoza itabidi azibe mapengo ya kijitabu cha maelezo kinachokuja nayo. Kijitabu kinamtaja William Grove, mwanzilishi wa karne ya 19, kisha kinarukia magari, kana kwamba katikati ya hapo hapakuwa na mtu.

Tuanze na maji, maana ndiyo yanayoua seli nyingi. Tumia maji yaliyokenekwa tu, yale ya kuongezea kwenye betri za gari. Soma chupa vizuri usije ukanunua asidi. Maji ya bomba hayafai hata yakichemshwa, kwa sababu kuchemsha hufukuza mvuke na kuziacha chumvi palepale. Maji ya kunywa ya chupa nayo yana madini. Utando ulio katikati ya seli hupitisha protoni kwa msaada wa vikundi vya asidi vilivyoshikamana na plastiki yake. Ioni (chembe zenye chaji) za sodiamu na kalsiamu hukalia nafasi za protoni hizo na hazing'oki kwa kusuuza. Kwa nje seli inaonekana mpya kabisa, lakini nguvu zake zimekwisha.

Ingiza maji kwa bomba la sindano upande wa oksijeni mpaka yatokeze kwenye tundu la pili, ziba matundu yote mawili, kisha subiri angalau dakika 3. Usiharakishe hatua hii: utando mkavu haupitishi protoni, na ukiusukumia umeme kabla haujalowa unauumiza. Ndipo ujaze mitungi, uunganishe mipira, na kufunga waya mwekundu wa betri upande wa oksijeni, mweusi upande wa haidrojeni. Kwa nadharia maji hupasuka kuanzia volti 1.23, kwa vitendo seli ndogo hutaka kati ya 1.5 na 2. Betri mbili zinatosha na kuzidi. Usiongeze ya tatu.

Hapa seti inastahili sifa, kwa sababu hesabu zake zinakubali kupimwa. Mililita 10 za haidrojeni, katika nyuzi 25 na kanieneo ya kawaida, hubeba chaji ya takriban kulombi 79. Kwa mkondo wa ampea 0.5 zitapatikana kwa muda wa dakika mbili na nusu hivi. Ukizitumia kuendesha mota inayovuta miliampea 100, zitaisha baada ya kama dakika 13. Mwanafunzi mwenye saa na mita ya umeme anaweza kulihakiki hilo mwenyewe. Oksijeni atakayoiona itapungua kidogo chini ya nusu ya haidrojeni, na hapo asidhani amekosea: oksijeni huyeyuka majini zaidi kuliko haidrojeni, na baadhi ya gesi hupenya utando.

Sasa majina. Grove, mwanasheria na mwanafizikia kutoka Wales, alifanya jaribio lake mwaka 1839 kwa vipande vya platini vilivyozamishwa nusu ndani ya asidi ya salfa, vikiwa vimefunikwa kwa mirija ya gesi. Christian Friedrich Schönbein wa Basel aliandika juu ya jambo hilohilo mwaka huohuo, na kumwacha nje ya kijitabu ni dhuluma. Grove alitambua mapema kinachokwamisha umeme wake: kazi hufanyika tu pale gesi, kimiminika na platini vinapokutana. Katika mrija wake, makutano hayo ni mstari mwembamba unaozunguka kipande cha chuma kwenye usawa wa asidi. Juu ya mstari ule gesi haina asidi ya kutosha. Chini yake asidi haina gesi ya kutosha. Kazi ya wahandisi waliomfuata, kwa sehemu kubwa, ilikuwa kuupanua mstari huo.

Francis Thomas Bacon, mhandisi Mwingereza, alianza katika miaka ya 1930. Aliiacha asidi, akachukua potasi kali (haidroksidi ya potasiamu) na elektrodi, yaani vipande vya kupitishia umeme, za nikeli zenye vitundu vya aina mbili: vikubwa upande wa gesi, vidogo upande wa kimiminika. Kimiminika hushikiliwa na vitundu vidogo, gesi hujaza vile vikubwa, na mpaka kati yake hutulia ndani ya chuma chenyewe. Nikeli ilioza kwa joto na oksijeni, akaitibu kwa lithiamu. Mwaka 1959 alionyesha mtambo wa kilowati 5. Kampuni ya Pratt & Whitney ikaichukua kazi hiyo, na seli zilizotokana nayo ndizo zilizovipa umeme na maji ya kunywa vyombo vya anga vya Apollo. Seti hii haina kipande chochote cha Bacon, na ni haki kusema hivyo darasani: potasi ya moto yenye shinikizo si kitu cha kuweka mezani.

Kilichomo ni utando, na utando una watu wake. Thomas Grubb wa kampuni ya General Electric alipendekeza mwaka 1955 kutumia plastiki inayobadilishana ioni mahali pa asidi ya maji. Mwenzake Leonard Niedrach akapata njia ya kuigandisha platini juu yake. Chombo cha anga cha Gemini 5 kiliruka na seli za namna hiyo Agosti 1965. Utando wa awali ulikuwa ukichakaa haraka. Ule uliodumu ni Nafion ya kampuni ya DuPont, kazi ya Walther Grot, ambao uti wake wa kaboni na florini hauliwi kirahisi na kemia iliyomo ndani ya seli.

Kama seti yako ina seli inayofunguka, legeza skrubu zake na uitazame. Utaona karatasi laini inayopitisha mwanga, na katikati yake mraba mweusi kila upande. Mraba huo mweusi ndio jibu la swali la Grove. Ni unga wa kaboni uliobeba chembe za platini, umechanganywa na plastiki ileile ya utando. Ian Raistrick wa maabara ya Los Alamos, Marekani, alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba elektrodi ikiloweshwa kwa plastiki hiyo iliyoyeyushwa, protoni hufika ndani yake yote badala ya kuishia usoni. Platini iliyohitajika ikashuka kutoka miligramu 4 hivi kwa kila sentimita ya mraba hadi karibu 0.4. Kwenye mraba wa sentimita 10 za eneo, hiyo ni tofauti ya miligramu 40 na 4 kwa upande mmoja. Mahlon Wilson na Shimshon Gottesfeld, papo hapo Los Alamos, wakaifanya tabaka hiyo iwe nyembamba zaidi. Bila watu hawa watatu seti ya mezani ingebaki kuwa kifaa cha maabara tajiri, na kwetu hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote kwenye kijitabu.

Turudi kwenye matumizi. Lalamiko linalosikika zaidi ni kwamba mota inasimama na gesi bado imo mtungini. Mara nyingi ni hewa. Mipira ilikuwa na hewa tangu mwanzo. Haidrojeni inaliwa, naitrojeni inabaki na kuizuia mpya isifike kwenye elektrodi. Dawa yake ni kutengeneza mililita chache za kwanza, kuziachia zitoke, kisha kuanza upya. Fanya hivyo penye hewa nzuri na mbali na moto, kwa kuwa haidrojeni hushika moto ikifikia asilimia 4 tu ya hewa.

Kama volti zinashuka polepole mota ikizunguka, shuku mafuriko: matone yameziba njia za oksijeni. Yapulize kwa bomba la sindano tupu, taratibu. Kama hakuna mkondo kabisa tangu mwanzo, utando ni mkavu. Na kama taa ya LED haiwaki, seli haina kosa. Ikiwa na mzigo inatoa volti 0.6 hadi 0.8, wakati LED nyekundu huhitaji karibu 1.8. Panga seli tatu mfululizo, itawaka. Kijitabu kingeweza kulisema hili kwa sentensi moja na kuwaokoa wengi.

Kugeuza waya ni kosa baya zaidi kuliko linavyoonekana. Upande wa oksijeni, seli bora huwa na wavu wa titani na kichocheo chenye iridiamu, kwa sababu kaboni huoza pale maji yanapopasuliwa. Ukibadilisha chanya na hasi, kaboni ya upande wa pili ndiyo inayoliwa, na haitarudi.

Ukimaliza, toa maji ya mitungini, ziba matundu ya seli na uiweke kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa ili utando usikauke.

Marekani huadhimisha siku ya haidrojeni na seli za fueli Oktoba 8, ambayo wao huiandika 10/08, kwa kuwa uzito wa atomu ya haidrojeni ni 1.008. Mwalimu anayeitaka tarehe hiyo aandike kadi tisa na kuziegesha kando ya vipande husika: Grove na Schönbein kwenye mitungi, Grubb, Niedrach na Grot kwenye utando, Raistrick pamoja na wenzake wawili kwenye mraba mweusi, na Bacon kadi yake peke yake, pembeni, ikiwa na mchoro wa elektrodi ya vitundu viwili. Kadi ya Grot na za wawili wa kwanza wa utando zinaweza kuunganishwa kama meza ni ndogo.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji mambo matatu: seli inafunguka au imegundishwa, upande wa oksijeni una titani au kaboni, na utando wa akiba unauzwa peke yake. Seli iliyogundishwa inafaa kuendesha pangaboi, lakini mraba mweusi hutauona.