Kufuatilia nyota mkia: Horizons ya JPL au COBS?

Ukitaka tu kujua nyota mkia iko wapi leo usiku we nenda Horizons, mfumo wa mtandaoni wa JPL (maabara ya NASA) unaokokotoa vitu vya anga viko wapi, unaweka mahali ulipo inakupa obiti, umbali, saa ya kuchomoza, hapo haina mpinzani. Ila mwangaza sasa, mmh! Ule wa Horizons ni wa fomula, na vumbi la nyota mkia halijui fomula. COBS, hifadhidata ya mtandaoni ya nyota mkia, wanakusanya makadirio ya watazamaji wenyewe, wa macho, darubini na kamera, yaani grafu unaiona inavyopanda na kushuka kweli. Cheki nyota mkia Tsuchinshan-ATLAS, Oktoba 2024 ilipopita kati yetu na jua vumbi likatawanya mwanga kuja huku kwetu, ikawaka balaa. Shida ya COBS namba zinapishana mtu na mtu. Mi nafungua zote, mwangaza naamini COBS.