Kidhibiti mwendo kipi kinalifaa gari la rimoti la kuunga mwenyewe? Vitatu mezani, Kigoma

Ndugu watazamaji, habari za wakati huu. Nipo hapa Mwanga, Kigoma, na mezani kwangu kuna gari la rimoti la kipimo cha 1/10 ambalo limekwisha kuungwa lote isipokuwa kitu kimoja, yaani kile kiboksi kidogo kinachokaa kati ya betri na mota, ambacho kwenye vifungashio huandikwa ESC na ambacho mimi hukiita kidhibiti mwendo. Gari si langu. Ni la kijana wa Ujiji aliyeletewa na mjomba wake likiwa vipandevipande ndani ya boksi, akalifunga skrubu kwa skrubu kwa muda wa wiki mbili, kisha akaniletea na swali ambalo wengi wenu mmekuwa mkiniuliza: "Kaka, ninunue cha ampea ngapi?"

Mdogo wangu, nilimwambia, tuanze na mota uliyonayo, betri uliyonayo na mahali utakapoendesha, kwa sababu majibu ya hayo matatu ndiyo yatakayotuonyesha kidhibiti chenyewe, na ampea tutazisoma mwishoni.

Tukumbuke kwanza kazi ya kifaa hiki. Hupokea amri kutoka kwenye risiva, yaani kipokeaji cha mawimbi ya rimoti kilicho ndani ya gari, kisha hufungua na kufunga njia ya umeme wa betri maelfu ya mara kwa sekunde, hivyo mota ikapata nguvu ndogo au kubwa kwa kadiri kidole chako kinavyovuta kwenye rimoti. Hicho hicho ndicho kinachofunga breki, kinachorudisha gari nyuma, na kinachoilisha risiva pamoja na sevo ya usukani, ile mota ndogo inayokata matairi, kwa umeme uliopunguzwa.

Mota ya kijana huyu ni ile ya kopo la fedha ya ukubwa wa 540, yenye brashi, vile vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme ndani yake, na nyaya mbili, ambayo huja na magari mengi ya kuunga na ina mizunguko 27 hivi ya waya ndani yake. Mota isiyo na brashi ina nyaya tatu na huhitaji kidhibiti cha aina yake. Kwa mota za brashi, kadiri mizunguko ya waya inavyopungua ndivyo mota inavyokwenda kasi na ndivyo inavyovuta umeme mwingi, na kwa sababu hiyo mtengenezaji makini hukuandikia idadi ya chini ya mizunguko ambayo kidhibiti chake kinaistahimili. Hobbywing QuicRun 1060, hiki cha kwanza hapa mezani, kinaruhusu mota ya mizunguko 12 au zaidi kwa betri ya lipo, yaani ya lithiamu polima, ya seli mbili, na 18 au zaidi kwa betri ya seli tatu. Mota ya mizunguko 27 inaingia hapo bila wasiwasi. Mimi naiamini namba hiyo kuliko ampea zilizoandikwa kwa herufi kubwa juu ya kifuniko.

Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kuumia. Miaka ya mwanzo ya kazi hii nilinunua kidhibiti kisicho na jina la mtengenezaji, kimeandikwa ampea 320, nikaamini kwamba nimepata kitu cha maisha. Nilikipeleka mchangani Kibirizi, na baada ya dakika chache gari likasimama na harufu ya kuungua ikatoka. Nilipokifungua nikakuta lile bati la kupozea juu yake limebandikwa kwa gundi juu ya plastiki, halikugusa hata transista moja, vile vipande vinavyofungua na kufunga umeme. Hebu tufanye hesabu pamoja: ampea 320 ukizizidisha kwa volti 7.4 za betri ya seli mbili unapata wati 2,368, ambazo ni sawa na pasi mbili za umeme zikiwaka kwa wakati mmoja, kutoka kwenye kiboksi kinachotoshea kiganjani chenye nyaya nyembamba kama hizi. Namba kubwa ya aina hiyo, hata kwa watengenezaji wazuri, ni ya kitambo kifupi sana gari linapoanza kuondoka. Hiki cha Hobbywing nacho kimetajwa ampea 360 za namna hiyo, lakini mtengenezaji ameandika pia ampea 60 za mfululizo, na hizo 60 ndizo ninazokuombeni mzitafute kwenye karatasi ya maelezo. Msipoziona, kiacheni.

Sasa mahali. Sisi wa Kigoma tuna vilima. Anayetoka kituo cha reli akapanda barabara ya Lumumba mpaka huku Mwanga anaujua mwinuko ninaousema, na gari dogo la rimoti nalo linaujua. Linapopanda, au linapokwama kwenye mchanga wa ufukweni, mota huzunguka polepole ikiwa imebebeshwa mzigo, na mota ya namna hiyo huvuta umeme mwingi zaidi kuliko inapokimbia kwenye uwanja tambarare. Wakati huohuo gari halipati upepo wa kukipoza kidhibiti kwa sababu halina mwendo. Wengi hukimbilia kununua kidhibiti kikubwa zaidi. Ushauri wangu ni kwamba kwanza ubadilishe pinioni, ile gia ndogo ya mota, uweke yenye meno machache zaidi, uendeshe dakika tano, kisha usimamishe gari na kugusa mota na kidhibiti. Kama kidole hakiwezi kukaa juu yake kwa sekunde chache, bado gia ni nzito. Pinioni ni kipande kidogo cha chuma na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kidhibiti kipya.

Jambo la betri ndilo lililokata shauri kwa kijana huyu, kwa hiyo naomba tukae nalo kidogo. Mjomba wake alimletea betri ya lipo ya seli mbili. Kila seli ya lipo ikijaa hufika volti 4.2, wastani wake ni 3.7, na ikishushwa chini ya volti 3 huanza kuharibika, huvimba, na ukiichaji baadaye inaweza kushika moto. Mwendeshaji hawezi kuuona upungufu huo kwa macho, maana lipo huendelea kusukuma gari vizuri karibu mpaka mwisho. Kwa hiyo kidhibiti lazima kiwe na kinga ya kukata umeme. Kwenye QuicRun 1060 kuna kijampa, kifuniko kidogo cha plastiki cha kuchagulia aina ya betri, ambacho ukikiweka upande wa lipo, kidhibiti kitapunguza nguvu betri inapokaribia kuisha na kisha kitakata kabisa. Ukikisahau upande wa betri ya nikeli huku umefunga lipo, umeiondoa kinga kwa mkono wako mwenyewe. Tafadhali kiangalieni kijampa hicho kabla ya kufunga kifuniko cha gari. Betri hizi tunaziagiza Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa, na inauma sana kuipoteza moja kwa kosa la sekunde mbili.

Cha pili mezani ni Tamiya TBLE-02S, ambacho wengi wenu mmekikuta ndani ya boksi la gari lenyewe. Ninakiheshimu. Kinaendesha mota ya brashi, na siku ukitaka kuhamia mota isiyo na brashi yenye vihisi, vile vinavyokiambia kidhibiti mota imefika wapi katika kuzunguka, kinaiendesha pia, jambo ambalo vidhibiti vingi vya bei yake havifanyi kwa urahisi huo. Lakini hakina kinga ya lipo. Mwenye betri ya nikeli ya volti 7.2 akitumie kwa amani; mwenye lipo afunge kengele ndogo ya betri kwenye soketi ya kusawazisha seli, na aitii inapolia.

Cha tatu, Hobbywing QuicRun 10BL60, ni cha mota zisizo na brashi pekee, na kinapofungwa na mota yenye vihisi gari huondoka taratibu bila ule mshtuko na kigugumizi cha kuanzia. Mimi binafsi ndicho ninachokipenda kuendesha. Mota ya KV 3300, yaani mizunguko 3300 kwa dakika kwa kila volti, kwa volti 7.4 inakupa hesabu ya mizunguko 24,420 kwa dakika ikiwa haina mzigo, na hapo ndipo anayeanza hugonga ukuta. Zaidi ya hayo, waya wa vihisi ni mwembamba na soketi yake haipendi vumbi jekundu la barabara zetu. Kijana wa Ujiji atalazimika kununua na mota mpya pia. Asubiri.

Kuhusu maji nitasema machache: 1060 inastahimili maji, na maji ya Ziwa Tanganyika hayana chumvi ya baharini ya kula shaba haraka, lakini risiva na sevo yako huenda hazina kinga hiyo, kwa hiyo zikague na uzikaushe.

Kwa hiyo kwenye gari hili ninafunga QuicRun 1060. Nyekundu ya betri kwenye nyekundu, nyeusi kwenye nyeusi, na hapa naomba utulivu, kwa maana kuzigeuza hukiua kidhibiti papo hapo. Nyaya mbili za mota, ikizunguka kinyume, utazibadilishana tu. Kijampa cha kwanza upande wa lipo. Kijampa cha pili, cha kuchagulia namna ya kuendesha, naweka kwenye mbele, breki na kurudi nyuma, ili kwenye mteremko wa Lumumba msukumo wa kwanza wa kidole ufunge breki, na wa pili ndio urudishe gari, gia zisivunjike.

Matairi nimeyainua juu ya kitabu yasiguse meza. Nawasha rimoti kwanza, kidole sijakigusa kwenye mwendo. Sasa nawasha gari. Sikilizeni: milio miwili mifupi, maana yake imetambua seli mbili za lipo. Na huo mmoja mrefu, maana yake ipo tayari.