TAHADHARI: Unga wa “seli za stroma” unaouzwa Mbeya na Tukuyu

Ndugu zangu wa Mbeya, Rungwe na Iringa, kuna unga unaouzwa kwa jina la “seli za stroma”, ambao wauzaji wake wanapita Mwanjelwa, Uyole na Tukuyu wakidai kwamba unapanga upya kinga ya mwili na kuponya baridi yabisi, pumu na hata saratani. Tuliuziwa maboksi matatu, kila moja likiwa na pakiti 14, kwa shilingi 260,000 kwa boksi, na mama yangu mzazi akautumia kwa wiki tano.

Fedha inauma, lakini si ndiyo iliyonifanya niandike. Muuzaji alimwambia mama aache methotreksati, dawa ya kutuliza baridi yabisi aliyopewa hospitali, kwa madai kwamba “inaua seli mpya”, naye akamwamini. Kufikia wiki ya nne vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimevimba na vina joto ukivigusa, na mwanamke aliyezoea kumenya mkungu mzima wa ndizi asubuhi akawa hawezi kufumba kiganja kushika kisu.

Uongo huu unanasa watu kwa sababu umejengwa juu ya jambo la kweli. Seli za stroma zipo, nazo hushikilia viungo vyetu kama fito zinavyoshikilia udongo wa ukuta; tena hazishikilii tu, kwani ndani ya tezi za limfu hutoa kemikali zinazoziongoza seli nyeupe za damu mahali pa kukutana na kutambua adui. Katika baridi yabisi, hata hivyo, seli hizo za ndani ya kiungo hugeuka, zikaita seli nyeupe nyingi zaidi na kushiriki kula gegedu linalofunika ncha za mifupa, na katika saratani nyingine huukinga uvimbe usishambuliwe. Mgonjwa kama mama, ambaye kinga yake ndiyo inayomshambulia, hahitaji mtu wa kumwambia kwamba atamwongezea kinga.

Tiba halisi ya seli hizi ipo pia. Desemba 2024 Marekani iliidhinisha moja, inayotokana na uboho wa watu waliojitolea, kwa ajili ya watoto waliopandikizwa seli ambazo baadaye zikaanza kuushambulia mwili wao, na dawa za steroidi zikashindwa. Seli hizo huhifadhiwa katika baridi kali ya naitrojeni na kuingizwa kwa dripu kwenye mshipa. Unga uliokaa juani sokoni hauna seli hai hata moja, na hata kama ingekuwamo, tumbo lingeimeng’enya kama linavyomeng’enya nyama.

Lichunguzeni boksi lenyewe. Letu halina namba ya usajili wala namba ya toleo, na tarehe ya mwisho wa matumizi imechapwa kwenye kibandiko; nilipokibandua kwa ukucha nilikuta chini yake tarehe nyingine, iliyokwisha kupita.

Mama amerudia dawa zake kwa maelekezo ya daktari, ingawa uvimbe wa mkono wa kulia haujaisha. Muuzaji hapokei tena simu. Pakiti saba zilizobaki, pamoja na risiti, ninazipeleka ofisi ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba hapa Mbeya. Mwenye boksi kama hilo naye asilitupe, alipeleke huko, na aliyeacha dawa zake kwa ajili ya unga huu amwone daktari wake wiki hii hii.